Bure si Huria: Maoni Juu ya Istilahi za Programu za Sayansi

Avukaye mpaka wa Horohoro kuingia Lunga Lunga habadili lugha, ila hubadili istilahi. Mashine aliyoiacha Tanzania ikiitwa kompyuta huikuta katika vitabu vya shule vya Kenya ikiitwa tarakilishi. Tofauti hiyo haidhuru sana, kwa kuwa kitu ni kimoja. Lenye kudhuru ni neno moja kubebeshwa maana mbili, kama tunavyolibebesha neno bure.

Tuchukue mfano wa programu za kubashiri umbo la protini, ambazo huwasaidia watafiti wa dawa. Mwaka 2021 kampuni ya DeepMind ya London ilitoa AlphaFold 2 pamoja na msimbo wake, na mwaka 2022 masharti yakalegezwa hata kwa matumizi ya kibiashara. AlphaFold 3 ilipotangazwa Mei 2024, msimbo ulizuiliwa. Wanasayansi wakalalamika, nao ukatolewa Novemba mwaka huo, lakini si kwa biashara. Programu zote mbili hazilipiwi. Mfasiri aandikaye "bure" kwa zote mbili asema kweli juu ya bei, ila ampotosha msomaji juu ya ruhusa. Kiwanda cha dawa kikiitegemea tafsiri hiyo chaweza kuvunja masharti pasipo kujua.

Neno lifaalo tunalo, nalo ni huria. Wako watakaopinga kwamba lanukia soko huria. Hoja hiyo si nzito: katika soko na katika programu, huria hutaja uhuru wa kutenda, wala haitaji bei.

Kasoro ya pili ni kuiita kazi ya kuihudumia programu "matengenezo", kana kwamba imeharibika. OpenOffice ya Kiswahili, iliyotolewa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilikuwa huria. Hata hivyo, kila toleo jipya la programu hudai tafsiri mpya. Mabaharia wa pwani ya Tanga walijua jambo hili zamani: jahazi hukalafatiwa kabla halijavuja. Kazi hiyo ni utunzaji.

Kwa hiyo twapendekeza bure litaje bei, huria litaje ruhusa, na utunzaji utaje kazi isiyokoma. Mfasiri asiyeyatenganisha hayo humkabidhi msomaji chombo bila kumwambia ni cha nani, wala nani atakikalafati.