Sanduku la vitabu kati ya Kamanyola na Luvungi

Kongo ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona tarehe 10 Machi 2020, na tarehe 19 mwezi huohuo shule zikafungwa nchi nzima. Amri iliyomfunga mtoto wa Kinshasa ilimfunga pia mtoto wa Katogota, kijiji cha bonde la mto Ruzizi, Kivu Kusini, kilicho kwenye Barabara ya Taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Luvungi. Mwezi mmoja ulikuwa haujatimia mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira, kwenye barabara hiyohiyo, usiku wa kuamkia 17 Aprili, ukaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza Septemba 2019 tu, kwa hiyo watoto waliorudishwa nyumbani walikuwa wengi kuliko wakati wowote, na wengi wao nyumbani kwao hapakuwa na kitabu. Serikali ya Kongo haina mtandao wa maktaba za umma unaofika vijijini kama ulivyo ule wa Kenya. Hata hivyo, mambo yaliyofanyika Afrika Mashariki katika miaka miwili ya mwanzo ya Korona yanaonyesha kwamba kijiji cha namna hii kingeweza kuwa na huduma ya maktaba, na bado kinaweza, kwa sababu huduma hiyo haisimami juu ya jengo. Inasimama juu ya mambo matatu: vitabu vinavyohama, daftari, na mtu mwenye dhamana.

Wengi walikimbilia intaneti kwanza. Kenya, mwezi Julai 2020, kampuni ya Loon pamoja na Telkom walirusha maputo ya kusambaza mawasiliano juu ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000. Ilikuwa kazi ya kiufundi ya kustahili heshima, lakini anayepokea chini alihitaji simu ya 4G, umeme wa kuichaji na pesa ya kununua vifurushi. Januari 2021 Loon ikatangaza kwamba inafunga shughuli zake. Desemba 2020 UNICEF na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walikadiria kwamba katika Afrika Magharibi na Kati, kundi ambamo UNICEF huiweka Kongo, ni asilimia 5 tu ya watoto na vijana waliokuwa na intaneti nyumbani. Maktaba inayohudumia watu 5 katika kila 100 haiwezi kuitwa ya umma.

Redio ilifika mbali zaidi. Radio Okapi ilirusha masomo kwa jina la Okapi École, na kwa bonde la Ruzizi, ambako redio ndogo ya betri inapatikana kirahisi kuliko simu ya kisasa, hiyo ndiyo njia iliyokuwa na maana. Ila sauti ikishapita imepita. Mtoto aliyechelewa kuelewa jambo hawezi kumrudisha mtangazaji nyuma, na anayejifunza kusoma hajifunzi herufi kwa kuzisikia tu. Redio inahitaji karatasi pembeni yake, na nadhani hapo ndipo nchi nyingi zilipoishia nusu ya safari.

Uganda ilijaribu karatasi. Shule zake zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Serikali ilichapisha vitini vya kujisomea nyumbani, ikavigawa kupitia wenyeviti wa vijiji na kurasa za magazeti. Njia ya kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji ilikuwa sahihi, maana yeye anaijua kila nyumba. Kasoro ninayoiona iko katika hesabu: kitini kinachogawiwa moja kwa moja kinahitaji nakala moja kwa kila mtoto, na wanafunzi walikuwa takriban milioni 15. Kitabu cha kuazima hakihitaji hivyo. Katika Jimbo la Somali la Ethiopia, mradi wa Save the Children uliendelea kupeleka masanduku ya vitabu kwa ngamia 21 katika vijiji 33 wakati shule zimefungwa, kila ngamia akibeba hadi vitabu 200. Vitabu vilevile vilisomwa na watoto wengi.

Tuchukue mfano wa Katogota. Vitabu 60 vigawanywe katika masanduku 6, kila mtaa ukae na sanduku moja la vitabu 10, na masanduku yahamie mtaa unaofuata kila baada ya wiki 2. Baada ya wiki 12 kila mtaa umepitiwa na vitabu vyote 60, bila mtu yeyote kuvuka kijiji kwenda kukaa ndani ya chumba kimoja na wengine. Hadithi za Kiswahili za African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, zina leseni huria, yaani mtu anaweza kuzichapa bila kuomba ruhusa. Sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, hivyo kitabu cha Kiswahili katika sanduku hilo kina nafasi yake katika masomo ya madarasa ya mwanzo.

Pingamizi la kwanza ni ugonjwa wenyewe: kitabu kinachopita mikononi mwa watu wengi si kitabeba virusi? Mwaka 2020 hofu hii ilikuwa na msingi. Mradi wa REALM wa Marekani ulipima vifaa vya maktaba. Mwezi Juni ukakuta kwamba kwenye vitabu vilivyotandazwa kimoja kimoja virusi havikuonekana tena baada ya siku 3. Mwezi Septemba vitabu vya aina hiyohiyo vikapangwa kwa kurundikwa, na virusi vilikuwa bado vinaonekana baada ya siku 6. Basi kitabu kinachorudishwa kitandazwe, kisirundikwe, na sheria hiyo haigharimu chochote. Lakini Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza kwamba hatari ya kuambukizwa Korona kila unapogusa kitu chenye virusi kwa jumla ni chini ya 1 kwa 10,000. Hatari kubwa ilikuwa hewa ya chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Maktaba zilizovifungia vitabu kwa siku kadhaa zilikuwa zikilinda kile kisichokuwa na hatari kubwa, na sanduku linalofunguliwa chini ya mwembe lilikuwa salama kuliko ukumbi wa kusomea. Si kila janga liko hivyo. Kipindupindu, ambacho Uvira inakijua mwaka hadi mwaka, hupita kwenye maji na mikono, kwa hiyo ndoo ya maji na sabuni iwe kando ya sanduku. Mpox, iliyoenea Kivu Kusini mwaka 2024, huambukiza pia kwa kugusana na kwa vitu vya mgonjwa, hivyo nyumba yenye mgonjwa haiazimi mpaka apone.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vitabu vitapotea, na bonde hili halitulii. Februari 2025, mji wa Bukavu ulipotekwa vitani, maelfu ya familia zilivuka Ruzizi kwenda Burundi na kuacha kila kitu. Vitabu vitapotea kweli, na mpango usiokubali hasara hiyo tangu mwanzo haujapangwa. Tofauti ni kwamba jengo likichomwa limekwisha lote, bali masanduku 6 yaliyo katika nyumba 6 hayapotei kwa siku moja, na moja linaweza kubebwa kichwani. Kuhusu mtu wa kushika daftari, kijiji tayari kina RECO, wale wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba kuhesabu watoto wa chanjo. Jina la mtoto, kitabu alichochukua na siku ya kukirudisha ni mistari mitatu zaidi katika kazi wanayoijua, na kwa mistari hiyo wanastahili kulipwa, kwani kujitolea bila posho ndiko kunakoua miradi ya namna hii kabla vitabu havijachakaa.