Binti Anaporudishwa Nyumbani: Afisa Ustawi Kafundwa na Nani?

Msimu wa ukeketaji ukipita mkoani Mara, kamera huondoka na kazi ngumu ndipo huanza. Mabinti waliokimbilia nyumba salama kabla ya Desemba wanatakiwa kurudi makwao, ikiwezekana kabla shule hazijafunguliwa Januari. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly mwaka 2017, lina nyumba mbili za aina hiyo, moja Butiama na nyingine Serengeti. Musoma mjini kuna Jipe Moyo, kituo cha masista wa Kikatoliki kinachopokea watoto wa mitaani pamoja na mabinti wanaokimbia kukeketwa au kuozwa. Utaratibu wa kumrudisha binti unajulikana. Wazazi huitwa, huketi na wahudumu wa kituo, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto na afisa ustawi wa jamii. Huzungumza, mzazi husaini ahadi kwamba mwanawe hatakeketwa, binti hupelekwa nyumbani.

Katika meza hiyo namwangalia mtu mmoja tu, afisa ustawi. Askari ana Kanuni ya Adhabu, ambayo tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ina kifungu cha 169A: anayemkeketa au kusababisha akeketwe mtoto wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 15. Wahudumu wa kituo wana kitanda na chakula. Afisa ustawi ndiye anayepaswa kusema kama nyumba anayorudi binti ni salama, na kusema hivyo ni ufundi unaojifunzwa. Ninachodai hapa ni kwamba tumeujenga mfumo mzima wa mafunzo ya watumishi hawa tukaiacha nje sehemu inayofundisha ufundi wenyewe.

Hali imebadilika kidogo, na hilo lisemwe. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 28. Takwimu hizo hata hivyo hazisemi lolote kuhusu binti aliyerudishwa Januari. Yeye habari zake zimo kwenye jalada lake.

Tuchukue jalada la namna hiyo, la kubuni, la binti wa miaka 13. Limeandikwa: "Wazazi wameelewa, mtoto amekabidhiwa." Msimamizi mzoefu akilisoma atauliza maswali ambayo fomu haikuuliza. Wazazi ni nani hapo? Baba aliyesaini ndiye mwenye kauli nyumbani, au kauli ni ya bibi na baba mkubwa ambao hawakuitwa? Kuna ng'ombe wa mahari waliokwisha kupokelewa au kuahidiwa? Dada zake wakubwa walikeketwa? Binti analala chumba cha nani? Mwalimu gani au balozi gani atakayemwona kila wiki, na akiona jambo atampigia nani? Wazee wa mila wa ukoo huo wametangaza msimu mwingine lini? Majibu ya maswali haya ndiyo tathmini. Ahadi iliyosainiwa bila hayo humlinda aliyeisainisha kuliko binti.

Mara ina mitego yake ambayo kitabu cha darasani hakiioni. Miongoni mwa Wakurya kuna nyumba ntobhu: mwanamke mtu mzima, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, huoa binti kwa ng'ombe, na watoto wa binti huyo huwa wa nyumba ya aliyeoa. Fomu ya shauri ina nafasi ya jina la baba na nafasi ya jina la mama. Afisa kijana aliyehitimu Dar es Salaam na kupangiwa Butiama atajaza nini? Akimwandika mama mzazi peke yake, amemwacha nje mwenye uamuzi. Akimwandika aliyeoa kama mama, mahakama itamwona ni bibi. Siyo swali la kuibuliwa kwenye bango kitita mbele ya watu 40. Hujibiwa na mtu aliyewahi kukwama mahali hapo, akiwa amekaa na afisa na jalada liko wazi kati yao.

Mtego mwingine ni ushahidi. Afisa ustawi huwa miongoni mwa watu wazima wa mwanzo kumsikiliza mtoto, na maneno ya kwanza ndiyo yanayokwenda mbali. Tangu mabadiliko ya mwaka 2016, Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kwanza kusema ukweli na kutosema uongo. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 168 ya mwaka 2018 iliyotoka Bukoba, ilieleza hata maswali mepesi ambayo hakimu anaweza kumuuliza mtoto ili kufika kwenye ahadi hiyo. Hakimu ameelekezwa. Afisa aliyemsikiliza mtoto miezi mingi kabla ya hapo ameelekezwa na nani kwamba asiulize "Alikushika hapa?" bali aseme "Nieleze ilivyokuwa", na aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka, hata yakiwa ya Kikurya au Kijita? Mtoto aliyesimulia kwa mtendaji wa kijiji, kwa askari, kwa daktari anayejaza PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kisha kwa afisa ustawi, kila mara kwa maswali ya kumwongoza, atafika kizimbani na hadithi iliyochakaa.

Sasa tuone mafunzo yenyewe yalivyofanywa nchini. Mzizi ni Chuo cha Ustawi wa Jamii kilichoko Kijitonyama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwa miaka mingi wahitimu wake hawakutosha hata mjini, wala tusidanganyane kuhusu vijijini. Janga la UKIMWI lilipoacha yatima wengi, chuo hicho kilishirikiana na Chuo cha Jane Addams cha Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, kwa fedha za Marekani za mpango wa PEPFAR. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 hivi, waliandaa njia ya kuwafunza watu wa vijijini kuwa wahudumu wasaidizi wa ustawi wa jamii.

Muundo wa njia ile ndio unaostahili kuchambuliwa. Mhudumu alipata darasa fupi la siku chache: jinsi ya kumtambua mtoto aliye katika mazingira hatarishi, kumsikiliza, kumpeleka kwenye huduma. Kisha alirudi kijijini kwake kufanya kazi kwa miezi 6 chini ya msimamizi, naye msimamizi alifundishwa namna ya kusimamia. Baada ya hapo mhudumu alirudi darasani mara ya pili, safari hii akiwa na mashauri halisi kichwani. Kwa maoni yangu yale madarasa mawili yalikuwa ukuta tu. Nyumba ilikuwa ile miezi 6 katikati.

Ukafuata mfumo wa taifa wa usimamizi wa mashauri wa mwaka 2017, ambao uliweka mlolongo mmoja kwa nchi nzima: utambuzi, usajili, tathmini, mpango wa huduma, utekelezaji, ufuatiliaji, kufunga shauri. Mradi wa Kizazi Kipya, ulioendeshwa na shirika la Pact kuanzia 2016 hadi 2021, uliwaandaa maelfu ya wahudumu wa ngazi ya jamii kuufuata mlolongo huo. Ni mfumo mzuri. Lakini chochote kinachogeuzwa kuwa hatua na fomu hufundishika haraka, na kinachofundishika haraka ndicho kinachopendwa na bajeti. Mkufunzi hulipwa, ukumbi hulipiwa, washiriki husaini karatasi ya posho, ripoti huandikwa: watumishi kadhaa wamejengewa uwezo. Msimamizi anayekwenda Kiabakari, wilayani Butiama, kusoma majalada na mhudumu kwa saa mbili hana mstari kwenye ripoti hiyo. Mradi ukiisha, yeye ndiye wa kwanza kutoweka. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, kilichokatika kwa haraka popote palipotegemea fedha hizo ni mafuta, vocha na posho za ufuatiliaji. Cheti cha mhudumu kilibaki ukutani.

Kisha kuna kalenda. Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia huanza 25 Novemba na kumalizika 10 Desemba. Mikutano, maandamano na semina hujazana hapo. Kwa Mara, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ambayo ndiyo miaka ya msimu, siku hizo ndizo afisa anazohitajika kuwa vijijini. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Mafunzo ya msimu yana wakati wake, Agosti hadi Oktoba, shule zikiwa wazi na walimu wakiwa karibu na mabinti. Mapitio ya mashauri yana wakati wake pia, Januari hadi Machi, ahadi zikiwa bado mbichi. Mfadhili anayetaka picha ya Siku 16 apewe picha, ila asichukue maafisa wote.

Na afisa mwenyewe anatumia siku zake vipi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka awepo kila Mahakama ya Watoto inapoketi. Inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto katika eneo lake, na wajibu huo hutua mezani kwake. Asubuhi foleni mlangoni ni ya akina mama wanaodai matunzo ya watoto. Huko Musoma baba anayetafutwa yuko kambi ya uvuvi, wiki hii mwalo huu, wiki ijayo kisiwa kile. Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, na mtoto aliyeokotwa stendi huenda kwao ni mkoa mwingine kabisa. Anayefanya kazi hivi hujifunza, hilo sikatai. Lakini bila wa kumsahihisha huweza kujifunza njia za mkato, na akidumu miaka kumi njia hizo huitwa uzoefu.

Wa kumsahihisha ni nani kimuundo? Hapa ndipo pana fundo. Tangu Januari 2022 taaluma yake iko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Ajira yake iko halmashauri, chini ya TAMISEMI. Ndani ya halmashauri, ustawi wa jamii umewekwa divisheni moja na afya na lishe, ambako bosi ni Mganga Mkuu. Daktari huyo anaweza kuwa kiongozi hodari, akamtetea kwenye vikao na kumpa gari. Kumuuliza kuhusu ng'ombe wa mahari na chumba anacholala binti si kazi aliyosomea. Afisa Ustawi wa Mkoa yuko Musoma, na mkoa una halmashauri tisa. Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zinakutanisha polisi, afya, elimu na wengineo, jambo jema, ila kamati hupokea taarifa ya mashauri mangapi yamefunguliwa na mangapi yamefungwa. Haisomi jalada.

Uingereza, ambako majalada yaliyosomwa vibaya yamewahi kugharimu maisha ya watoto na kuzaa tume za uchunguzi, iliweka mwaka 2012 mwaka wa kwanza wa kazi wenye uangalizi kwa wahitimu wapya wa ustawi wa jamii: mzigo wa mashauri unapunguzwa na msimamizi hukutana na mhitimu kila wiki kwa wiki 6 za mwanzo, baadaye kila wiki mbili hadi miezi 6, kisha kila mwezi. Hatuna watumishi wa kutosha kuiga hivyo, na anayependekeza tuige hajafika kijijini kama Nyamuswa, wilayani Bunda. Kinachoigika ni kimoja tu: usimamizi una ratiba iliyoandikwa, wala haungojei mtu apate nafasi.

Ratiba ya namna hiyo inawezekana hapa Mara. Musoma, Bunda na Butiama ni wilaya tatu zenye halmashauri tano: Manispaa ya Musoma, Musoma Vijijini, Butiama, Mji wa Bunda na Bunda Vijijini. Kutoka Bunda hadi Musoma ni safari ya asubuhi kwenda na jioni kurudi. Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare kiko hapo hapo Musoma, kina madarasa, na hakihitaji hoteli. Siku moja kila mwezi, maafisa ustawi wa halmashauri hizi tano wangekutana Buhare, kila mmoja na jalada moja lililomshinda, majina ya watoto yakiwa yamefichwa, na aliye mkongwe kati yao akiongoza. Faida nyingine ingekuja yenyewe: binti anayekimbia havuki mpaka kwa kibali, na maafisa wa halmashauri mbili wanaojuana kwa sura hupigiana simu kabla ya kumkabidhi mtoto kwa mjomba wasiyemfahamu.

Gharama yake ni nauli au mafuta na chakula cha mchana. Wakurugenzi wa halmashauri hizi tano, mnapopanga bajeti ijayo, ondoeni semina moja ya siku tatu, na fedha yake iwekeni kwenye siku hizo 12 za mwaka. Na wajibu wa kuongoza siku hizo uandikeni kwenye majukumu ya kazi ya afisa mmoja kwa jina la cheo chake, ili mradi wowote ukija na kuondoka, yeye abaki na kazi hiyo.