Kioo cha Kilo 19 Kwenye Ukuta wa Jipsam

Fundi wa kutundika vitu ukutani utamjua kabla hata hajaitoa drili mkobani. Asiyejua kazi huuliza tu, "Nitoboe wapi?" Anayejua huugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, husogea kidogo, hugonga tena, husikiliza.

Ana sababu. Dar es Salaam ya leo si kila ukuta ni tofali na lipu. Fremu za maduka, ofisi za ghorofani na saluni nyingi zimegawanywa kwa patisheni za jipsam: bodi mbili zenye unene wa milimita 12 hivi, moja huku na moja kule, zimeshikwa na nguzo nyembamba za bati, na katikati ni uwazi mtupu. Bodi yenyewe ni unga wa jasi ulioganda kati ya karatasi mbili. Karatasi hizo zinabeba kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Zikichanika, kilichobaki kinamomonyoka kwa ukucha.

Hapo ndipo fisha ya kawaida inapokwama. Mjerumani Artur Fischer alibuni ile ya nailoni mwaka 1958, na siri yake ni kutanuka: skrubu ikiingia, mashavu yanabana pande za tundu. Kwenye tofali kuna cha kubana. Kwenye jipsam inabana unga, na nyuma yake hewa. Itashika leo, itashika kesho, halafu siku moja mlango utafungwa kwa nguvu na kila kitu kitakuwa sakafuni.

Nilimtazama fundi mmoja akitundika kioo katika saluni ya Sinza. Kilikuwa na mita moja kwa mita moja na nusu, unene milimita 5. Kioo cha kipimo hicho hukaribia kilo 19, bado fremu ya mbao. Mwenye saluni alikuwa na haraka, wateja wanasubiri.

"Fundi, si upige tu misumari tumalize?"

"Subiri kidogo, mama. Kwanza nijue mifupa ya huu ukuta iko wapi."

Akatoa sumaku ndogo iliyong'olewa kwenye spika kuukuu, akaitelezesha ukutani taratibu. Iliponasa, akaweka nukta ya penseli: chini ya rangi pale kuna kichwa cha skrubu, na skrubu haikai hewani. Nukta zikajipanga wima kutoka juu hadi chini. Nguzo ya kwanza hiyo. Akapima sentimita 60, akaikuta ya pili. Swichi ya taa ilikuwa karibu, kwa hiyo hakugusa mstari ulio juu yake wala chini yake, maana ndiko waya hupita.

Upande mmoja wa kioo uliangukia kwenye nguzo. Hapo skrubu iliingia moja kwa moja kwenye bati. Upande wa pili uliangukia kwenye uwazi, na hapo ndipo akatoa vipepeo, yaani bolti zenye mbawa mbili za springi. Alibandika karatasi iliyokunjwa chini ya alama ili ipokee vumbi, akazima nyundo ya drili ili bodi isimeguke kwa nyuma, akatoboa tundu la kupitisha mbawa zikiwa zimekunjwa, basi. Bolti aliipitisha kwanza kwenye kibati cha kushikia kioo. Ukisahau hatua hiyo utalazimika kuifungua tena, na mbawa zitadondokea ndani ya ukuta, huzioni tena.

Mbawa zilipofunguka kwa ndani, zikasikika: tak. Akaivuta bolti kuelekea kwake huku akikaza kwa bisibisi, maana bila kuvuta mbawa huzunguka bure. Raha yangu ilikuwa kumwona anapoachia. Ukizidisha mzunguko kidogo tu, karatasi inabonyea na kukatika, na hapo nguvu yote imekwenda. Yeye alisimama kabla ya hapo, bila kuangalia, kwa kusikia mkononi.

Zipo fisha nyingine za jipsam, zile za plastiki zenye meno mapana zinazojichimbia zenyewe. Kwa saa ya ukutani au picha ya harusi zinatosha. Kwa runinga yenye mkono wa kuivuta mbele, hapana: mkono ukinyooshwa, uzito uleule unang'oa kwa nguvu kubwa zaidi. Na ule uzito ulioandikwa kwenye pakiti ni wa bodi nzima na kavu. Ukuta uliokwisha kulowana mvua ya masika si huo.

Kama patisheni yako bado haijafungwa bodi ya pili, mwambie fundi leo runinga au kioo kitakaa wapi. Ataweka ubao kati ya nguzo kwa gharama ndogo, na vipepeo hutavihitaji kabisa.