Mti wa Vifaa na Wanaoukagua

Simu za Android wanazofungua mafundi wa Luberizi, huku bonde la Ruzizi, zinaendeshwa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wake, na kerneli hiyo haizaliwi ikijua imewekwa kwenye ubao gani. Huambiwa na faili liitwalo mti wa vifaa: chipu fulani ipo, anwani yake hii, umeme wake hupita hapa, waya wake wa kuishtua prosesa ni ule.

Zamani mambo hayo yaliandikwa ndani ya kerneli yenyewe, kila ubao wenye prosesa ya ARM na msimbo wake, hadi mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaja juu. Dawa ilikuwapo tayari: mti wa Open Firmware, uliowekewa kiwango cha IEEE mwaka 1994.

Ninaowavulia kofia ni wakaguzi wa mti huu katika Linux, kina Rob Herring na Krzysztof Kozlowski, wanaousoma mti mstari kwa mstari. Swali lao halichoki: hiki ulichoandika ni kifaa kilivyo, au ni unavyotaka programu yako ifanye? Chukua chipu ya kioo cha kugusa yenye anwani 0x38. Ukiiongezea mstari wa kuchagua namna draiva yako, programu ya kukiendesha kifaa, itakavyofanya kazi, utarudishwa. Ukiandika touchscreen-inverted-x, kwa kuwa kiwandani kioo kimefungwa kushoto kukawa kulia, utapokelewa kwa mikono miwili. Hakuna programu inayoweza kubahatisha jambo hilo.

Wapo wanaonung'unika kwamba ukaguzi huu unachelewesha kazi. Mimi nasema uchelewe. Kiwanda huacha kuitunza simu baada ya miaka michache, ilhali huku kwetu inaingia tu mkono wa pili, wa tatu. Anayetaka kuipa kerneli mpya anahitaji maelezo ya simu yenyewe. Matakwa ya draiva iliyokwisha kufa hayamsaidii kitu.

Utamu wa kazi uko mpakani mwa umbile na matakwa. Kusema kitaa kiwake diski ikifanya kazi ni matakwa. Lakini kama kasha limechorwa alama ya diski kando ya kitaa hicho, matakwa yamekwisha kuwa umbile. Ndiyo maana mstari wa linux,default-trigger, unaosema kitaa kiwashwe na nini, umeruhusiwa, jina la Linux likitangulia, ili mfumo mwingine kama FreeBSD ukiusoma mti huohuo ujue neno hilo limeandikiwa nani.