Kusoma malisho kabla korongo halijafunguka

Wafugaji wengi wa Likasi, huku Kongo, huanza kuuliza habari za mmomonyoko siku korongo linapokata njia ya ng'ombe. Hapo wamechelewa, maana dalili za kwanza hujitokeza juu mlimani miaka mingi kabla.

Kazi ya kuzipima ilifanywa vizuri sana Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970, mwanajiografia wa Uswidi Anders Rapp na wenzake walichunguza mizizi iliyobaki wazi na vijilima vya udongo vilivyosalia chini ya vichaka. Mahali mzizi ulipoanzia ndipo uso wa ardhi ulipokuwa. Kutoka hapo hadi ardhi ya leo ni udongo uliokwenda. Ukijua umri wa mti, unapata kasi. Sentimita 1 tu kwenye hekta 1 ni meta za ujazo 100. Kisha wakateremka kwenye mabwawa ya Dodoma, likiwamo Ikowa la mwaka 1957, wakapima tope lililojaa. Nguvu ya kazi yao iko hapo: madai ya mlimani yalihakikiwa bondeni.

Likasi tuna mtego wetu. Kilima kisicho na miti si lazima kiwe kimemomonyoka. Penye shaba nyingi ardhini, miti haioti tangu zamani. Basi upara peke yake usikudanganye. Tazama kokoto: je, kila moja imesimama juu ya kinguzo cha udongo? Tazama majani makavu yaliyosukumwa yakajipanga kwa mistari ya upinde, maana tumbo la upinde huelekea maji yalikokwenda. Changarawe hutua pale mkondo unapopungua kasi. Tope laini husafiri mbali zaidi. Njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja ni mfereji unaosubiri mvua ya Novemba, hasa mlima ukiwa umekatwa miti ya makala na kuchomwa moto kiangazi.

Dembo, yaani bonde la majani lenye unyevu, ndilo la kulindwa kuliko yote. Mfereji ukishachimbika katikati yake, maji ya chini hushuka, na majani mabichi ya Agosti hukauka. Udongo wenyewe hufuata mto Lufira hadi bwawa la Mwadingusha, lililoanza kutoa umeme mwaka 1930.

Mfugaji, mvua ya kwanza ikikatika, panda juu kabisa ya malisho yako. Njia ya ng'ombe inayoshuka wima izibe kwa matawi mwaka huu huu, na mifugo uipitishe kwa mshazari.