Seva mbili hazitoshi

Tunasifiaka sana mifumo "isiyozimika": seva ni mbili, moja ikikufa ingine inaendelea. Sawa. Lakini siku ya kubadilisha programu?

Angalieni benki TSB ya Uingereza, Aprili 2018. Ilikuwa na vituo viwili vya seva, vyote kazini. Posho na Yenga moja tu, ikahamisha wateja milioni 5 hivi kwenye mfumo mupya, karibu bote mara moja. Watu hadi milioni 1.9 wakashindwa kuingia kwenye konti zao. Mambo ikakuja kutulia Desemba!

Uchunguzi ukaonyesha kama majaribio ya uzito wa kazi yalifanyika kwenye kituo kimoja tu. Cha pili wakazani kinafanana, na hakikufanana.

Hapo njo ninawalaumu. Njia ilikuwapo: toa seva moja kazini, badilisha, jaribu, rudisha, kisha ingine, hamisha kikundi kidogo cha wateja kwanza, mfumo wa zamani ukingoja. Sisi wa agronomia, nani anapandaka mbegu mpya shamba zima msimu wa kwanza?

Faini ikafika 2022: pauni milioni 48.65.