Fundi wa Logi

Mtu wa Muscat, Oman, akimtumia nduguye rial 20 kwa simu, benki haianzi na salio. Kwanza inaandika kwenye logi: kiasi hiki kinatoka hapa, kinaingia pale. Umeme ukikatika katikati, seva ikiamka inaisoma logi na kujua lipi la kumaliza, lipi la kutangua. Misingi ya utaratibu huo ilielezwa kwa kina na C. Mohan na wenzake wa IBM mwaka 1992.

Tatizo ni kwamba logi hukua. Kwenye SQL Server, programu ya kanzidata ya Microsoft, kanzidata iliyowekwa katika hali ya kurejeshwa kikamilifu haiachii nafasi mpaka ichukuliwe bakapu (nakala ya akiba) ya logi yenyewe. Bakapu ya kanzidata nzima haitoshi, na hapo ndipo wengi hukwama. Diski ikijaa linatokea kosa namba 9002, na data haibadilishiki tena. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi tangu 2013, lakini wanunuzi wa Mutrah na mashine za pesa za Ruwi, mitaa ya Muscat, hawana Ijumaa: logi huendelea kujaa hata fundi akiwa mapumzikoni.

Kuna fundi wa haraka. Anapanga kazi ya kila usiku ya kulibana faili la logi. Asubuhi linafura upya, na miamala inangoja wakati linatanuka. Huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Ninayemsifu mimi huweka kengele: logi ikifika asilimia 70, kazi ianze yenyewe, na ianze kwa kuuliza. Katika sys.databases, orodha ya kanzidata zote za seva, mna safu iitwayo log_reuse_wait_desc, inayotaja kinachozuia. Ikisema LOG_BACKUP, bakapu inachukuliwa palepale. Ikisema ACTIVE_TRANSACTION, bakapu peke yake haitafua dafu: kuna mtu kafungua muamala, kaenda zake kula. Hapo mashine haibahatishi. Inamtumia fundi ujumbe wenye namba ya kikao kinachoshikilia, naye ndiye anayeamua kukikata au kukingoja.

Na bakapu zikae wapi? Juni 2007 kimbunga Gonu kiliipiga Muscat, Qurum ikafurika. Fundi ninayemsifu hazilazi bakapu chumba kimoja na seva, na huzirejesha kwenye seva ya majaribio aone kama zinafunguka.

Wewe unayetunza kanzidata, kabla hujalibana faili usiku wa leo, isome kwanza safu ya log_reuse_wait_desc.